Filamu ya Baba Mkwe kwa Programu ya Bure

Jumatatu, 9 Juni

Nimeshinda vita ambavyo bado havijaanza!

Jana kulikuwa na kikao cha familia nyumbani kwa baba mkwe. Ajenda moja: nani ahariri filamu ya sherehe yake ya kustaafu, ile ya juzi. Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, alishaanza kukohoa kile kikohozi chake cha kujiandaa kusema. Huyu ni afisa mikopo wa benki. Tunamwita Meneja. Si meneja, lakini hajawahi kukanusha. Ana kompyuta nyembamba kama sahani, na programu ya kuhariri video anayoilipia kila mwezi. Hilo la kulipia hulitaja popote. Hata msibani.

Nikamkata kauli. Nikasema mimi nitaihariri, nyumbani kwangu, kwa programu ya bure.

Mke wangu akanitazama kama mtu anayeona kikombe kikiponyoka mezani. Baba mkwe akafumba jicho moja. Ni mpima ardhi. Tangu nioe ananitazama kwa jicho moja, kama anayepima ukuta ulioinama. Akauliza kama kweli nitaweza. Nikajibu kwamba maji nimeshayavulia nguo. Mama mkwe akainamisha uso. Huenda methali ile haikufaa mbele ya wakwe.

Uamuzi: nimepewa mpaka Jumamosi, tutakapokutana tena kutazama. Meneja naye atatengeneza yake, "kwa tahadhari". Tahadhari! Kana kwamba mimi ni moto.

Malighafi ninayo. Video za simu yangu, na nakala za kamera ya Meneja. Pengo ni moja tu. Mama mkwe, mwanamke asiyesimama mbele za watu hata kutoa shukrani, siku ile alisimama akasema maneno juu ya mumewe mpaka mashangazi wakalia. Mzee hakusikia hata neno. Alikuwa nje, anamsindikiza mkurugenzi wake kwenye gari. Meneja naye alikuwa nje, anampiga mkurugenzi picha. Sasa kila mtu anamwambia mzee kuwa alikosa makubwa. Anamwomba mama arudie, mama anakataa. Anasema maneno yale yalikuwa ya siku ile. Mke wangu anasema baba yake amenyong'onyea kabisa.

Mimi pia sikurekodi. Nilikuwa kwenye keki. Simu niliisahau mezani, imelala chali, ikarekodi feni la darini. Video ndefu ya feni likizunguka. Nitaifuta nikipata wasaa.

Jumanne, 10 Juni

Kazini (nauza vitasa na makufuli) sikuuza hata bawaba moja. Nilikuwa nasoma mtandaoni kuhusu programu za bure. Zipo kama mchanga! Kila moja inajiita bora kuliko zote. Mteja alitaka kitasa cha mlango wa bafu, nikampa cha lango. Hakugundua. Au amegundua akiwa ndani.

Nimechagua ya kwanza. Ina picha ya kichwa cha simba. Sababu za kuichagua: simba. Mtu makini huangalia nembo kwanza.

Jioni nikaipakua. Rahisi ajabu! Nikakata hapa, nikaunga pale, nikamweka baba mkwe akiingia ukumbini kwa heshima zote. Nikahifadhi. Nikamwita mke wangu aje ashuhudie historia.

Akashuhudia. Kichwa cha simba katikati ya kioo, kikubwa, mwanzo hadi mwisho. Baba mkwe anaingia ukumbini akiwa na uso wa simba. Anakata keki akiwa na uso wa simba. Anambusu mama mkwe shavuni akiwa na uso wa simba. Chini kuna maandishi kwamba simba ataondoka nikilipia.

Mke wangu akasema rahisi ghali. Nikamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akasema koleo lenyewe sijalishika bado.

Nikapata mbinu. Kama simba haondoki, afunikwe! Nikatafuta picha ya shada la maua, nikaipachika juu yake. Simba kapotea! Baba mkwe naye kapotea. Sasa ni filamu ya maua yanayohutubia. Nimeifuta programu.

Meneja alipiga simu kuuliza kama nahitaji msaada. Nikamjibu niko kwenye hatua ya rangi. Akauliza rangi gani. Nikasema zote.

Jumatano, 11 Juni

Leo nimeacha utoto. Nimepakua programu wanayotumia mafundi wa sinema zenyewe. Bure! Nembo yake ni roketi. Nilipoifungua, vitufe vilijaa kama chumba cha rubani. Nilijihisi mrefu.

Tatizo ni kompyuta yetu. Tuliinunua kwa duka la dawa lililokuwa linafunga. Bado ina karatasi ubavuni: "Weka mbali na watoto." Ilizoea kuhesabu vidonge, sasa naitaka irushe roketi. Nilipoingiza video ya kwanza ikaanza kunguruma. Ya pili, ikapiga mluzi. Jirani wa ukuta wa pili akagonga kuuliza kama tunasaga kitu. Picha ya baba mkwe ikaganda mdomo wazi, jicho moja limefumbwa, ananiangalia. Hata humo!

Nikagundua ni joto. Dawa ya joto ni baridi. Nikatoa barafu kwenye friji, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaulaza juu ya kompyuta. Ngurumo ikapungua. Ushindi! Nikaenda kunywa chai kishujaa.

Mfuko ulikuwa na tundu.

Mke wangu ndiye aliyechomoa waya ukutani. Alikausha kompyuta kwa taulo langu, lile jipya. Imewaka tena, namshukuru Mungu, ila sasa herufi moja ya kibodi inajiandika yenyewe mara kwa mara. Hapa naandika kwa kalamu, sina wasiwasi.

Nikaenda kwa Meneja kurudisha ngazi yake. Ngazi niliiazima zamani sana na sikuwa na nia ya kuirudisha, lakini jasusi anahitaji sababu. Nikamkuta sebuleni anahariri. Nikachungulia huku nimebeba ngazi. Jamani! Majina yanaruka, yanapinduka, yanalipuka cheche. Muziki wa ngurumo. Hotuba ya mkurugenzi yote, neno kwa neno, kutoka pande tatu. Akaniambia kazi ya kulipia inajionyesha yenyewe. Nikageuka kwa hasira. Nilisahau ngazi iko begani. Taa yake ya kusimama haipo tena.

Nimerudi nyumbani na ngazi. Alisema niondoke nayo.

Alhamisi, 12 Juni

Siku mbaya. Naiandika kwa ajili ya ukweli tu.

Asubuhi, kabla ya kazi, nikapata tovuti inayotoa programu zote za bure mahali pamoja. Ukurasa ulikuwa na vitufe vingi vya kijani vyenye neno PAKUA. Nikabonyeza kikubwa kuliko vyote. Mtu hachagui kidogo akiona kikubwa.

Programu ya kuhariri haikuja. Walikuja jamaa zake wote. Mmoja wa hali ya hewa. Mmoja wa nyota na bahati. Mmoja anasema kompyuta yangu ni mgonjwa mahututi, anataka nimpigie simu. Na mwanamke anayejitokeza pembeni ya kioo, anapiga makofi na kupaza sauti: "Punguza tumbo bila jasho!" Ukimfunga hapa, anatokea pale.

Nikaenda kazini nikitumaini atachoka.

Mke wangu ni mwalimu wa jiografia. Mchana alirudi na mwalimu mkuu wake ili wachape mtihani hapa, maana mashine ya shule imeharibika. Mwalimu mkuu ana tumbo. Nasikia mwanamke yule alitokea mara tu alipokaa.

Nilipofika jioni nikamkuta mke wangu ameketi mbele ya kompyuta, anafuta jamaa mmoja mmoja. Akaniambia niketi. Nikaketi. Akauliza, "Hivi, kabla ya kuchagua, umewahi kujiuliza unataka nini?"

Nikasema nataka kumshinda Meneja.

Akasema hilo si hitaji la kompyuta. Halafu akanihesabia kwa vidole, kwa ile sauti yake ya darasani. Tunataka kukata na kuunga. Tunataka kupunguza na kuongeza sauti. Tunataka isiweke nembo yake juu ya baba yangu. Tunataka iende kwenye kompyuta dhaifu. Na ipakuliwe kwa wenyewe walioitengeneza, si kwa kila mwenye kitufe. Basi. Mengine ni mapambo.

Na alikuwa ameshaipata! Alisoma maoni ya watumiaji, akalinganisha, akaipakua, akaijaribu. Nembo yake ni mkasi. Mkasi mdogo wa kijivu. Dirisha lake limepooza kama ofisi ya serikali mchana. Hakuna roketi, hakuna cheche. Nikasema waziwazi kwamba hii ni programu ya watu waliokata tamaa.

Akajibu, "Basi imepata mtu wake," akaenda kulala.

Ijumaa, 13 Juni

Kazini nimeomba ruhusa: jino. Bosi akauliza lipi. Nikaonyesha upande wa kushoto, nikashika shavu la kulia. Akaniruhusu kwa kunionea huruma, nadhani kwa sababu nyingine.

Nikakaa na Mkasi kutwa nzima. Nakiri, unakata. Hauungurumi. Hauombi kitu. Kioo kina pande mbili tu: wa juu picha, wa chini sauti, kama reli. Nikaburuta video zote nikazipanga. Mzee anaingia. Mzee anapokea zawadi (saa ya ukutani, aliiangalia kama imenyooka). Mzee anasikiliza hotuba ya mkurugenzi. Mashangazi wanacheza. Nilijisikia mkurugenzi mimi mwenyewe.

Kikwazo kikawa feni. Nililiburuta pamoja na mengine bila kukusudia, likakaa katikati ya filamu, palepale penye hotuba. Kila nikilifuta, vingine vyote vinasogea na mashangazi wanaingia kwenye zawadi. Nikaacha kulifuta. Nikafanya kama afanyavyo mtu mwenye zulia lenye tundu: nikaweka kiti juu. Nikalifunika feni kwa picha za baba mkwe akisikiliza, akiinamisha kichwa, akifikiri, akifumba jicho. Feni halionekani hata kidogo! Huo ndio ufundi. Watu wa roketi wasingewaza.

Ikabaki sauti. Chini kulikuwa na mistari miwili ya sauti, mmoja wa hotuba ya mkurugenzi, mwingine wa feni. Nikauzima wa feni. Safi.

Nilitaka kuitazama yote mwanzo hadi mwisho kabla ya kuihifadhi. Meneja akapiga simu. Akasema kwa upole kwamba nikishindwa nisione haya, yake iko tayari na ataionyesha kwanza ili watu wasikae bure. Kwa upole! Damu ikanipanda. Nikabonyeza kuhifadhi nikiwa bado naongea naye. Kompyuta ya duka la dawa inahifadhi polepole kama inahesabu vidonge vyake vyote vya zamani. Naiacha. Iko kwenye mwendo.

Mke wangu ameuliza kama nimekagua sauti. Nimemwambia fundi hakagui, fundi anajua.

Jumamosi, 14 Juni

USHINDI. Nitajaribu kuandika kwa utulivu. USHINDI!

Tulikutana sebuleni kwa baba mkwe. Runinga kubwa, viti vimepangwa kwa mstari ulionyooka (mzee aliukagua). Nilikuwa na filamu yangu kwenye flashi mfukoni. Nilikuwa nimeishika tangu asubuhi mpaka ikapata joto.

Meneja akaonyesha yake kwanza. Majina yakaruka, cheche zikalipuka, mtoto mmoja akalia. Halafu mkurugenzi. Mkurugenzi kutoka mbele. Mkurugenzi kutoka kushoto. Mkurugenzi anaeleza historia ya idara. Shangazi mkubwa akatoa miwani akaisafisha, akairudisha kwenye mfuko. Baba mkwe akalala. Mimi ni muungwana, nilipiga makofi. Kwa nguvu, ili aamke kwa yangu.

Zamu yangu. Mwanzo mzuri: mzee anaingia, bila simba, bila maua. Watu wakaguna kwa kuridhika. Zawadi. Kicheko. Halafu hotuba. Mkurugenzi anasimama, anafungua mdomo, picha inahamia kwa baba mkwe anayesikiliza.

Sauti ikatoka. Haikuwa ya mkurugenzi.

Ilikuwa ya mama mkwe.

Papo hapo nikaelewa: nimezima mstari usio wenyewe! Nimemzima mkurugenzi, nimewasha feni! Na ile simu iliyolala chali mezani, ilikuwa haioni kitu, lakini masikio ilikuwa nayo. Nikanyanyuka niende kuchomoa flashi. Mke wangu akanishika shati kwa nyuma. Akanikalisha kwa nguvu. Uso wake ulikuwa umelowa.

Sauti ya mama mkwe ilikuwa inatetemeka kidogo, na keki ikisikika inakatwa karibu yake. Alikuwa anasema, "Huyu mtu amepima viwanja vya watu wote, lakini mimi hajanipima hata siku moja. Chakula nikikiunguza, anakula. Nikikosea, anasahau kabla yangu. Na nikichelewa kurudi, namkuta nje getini. Ukimuuliza unafanya nini hapa, anasema anaangalia ukuta kama umenyooka. Ukuta ule umenyooka tangu tujenge. Alikuwa ananingoja mimi. Najua. Sijawahi kumwambia kwamba najua."

Na juu ya maneno hayo, kwenye kioo, uso wa baba mkwe. Anainamisha kichwa. Anafikiri. Anafumba jicho moja. Kana kwamba anamsikiliza yeye. Kana kwamba siku ile alikuwepo.

Mama mkwe alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. Mashangazi walianza kulia upya, safari hii kwa mpangilio. Mzee alikuwa ameamka. Macho yote mawili yako wazi. Sikujua kuwa yanaweza kufunguka pamoja.

Filamu ikaendelea, mashangazi wakacheza, hakuna aliyewatazama. Ilipoisha, mzee akasimama. Akaja mpaka mbele yangu. Nikajiandaa kueleza kuhusu mistari miwili ya sauti. Akasema, "Mwanangu. Rudisha pale."

Mwanangu! Miaka yote ile nilikuwa "yule wa makufuli".

Nikarudisha. Tukasikiliza tena. Mara ya tatu mzee alimwambia mama mkwe, bila kugeuka, kwamba ukuta upande wa lango la nyuma haukunyooka kihivyo, ulihitaji kuangaliwa. Mama mkwe akampiga bega, kidogo tu. Akabaki ameacha mkono wake palepale.

Shangazi mkubwa aliniuliza nilipataje wazo la kuunganisha sauti ile na uso ule. Nikaweka mkono kidevuni, nikatazama mbali, nikamwambia msanii hapati wazo, wazo ndilo humpata msanii. Mke wangu akakohoa. Meneja alikuja kunipa mkono. Akasema kwa unyenyekevu wa kweli kwamba yeye asingethubutu kumnyamazisha mkurugenzi. Nikamwambia ndiyo tofauti yetu.

Njiani kurudi nikamwambia mke wangu kwamba ilikuwa mipango. Akasema anajua. Alicheka mpaka akasimama kushika ukuta.

Jumapili, 15 Juni

Nimeamka mtu mwingine. Hata chai imenyooka.

Baba mkwe amepiga simu mwenyewe. Hajawahi kunipigia, huwa anampigia mke wangu na kuuliza kama mimi nipo, ili ajue aongee muda gani. Leo ameniomba nimtengenezee filamu ya maisha yake yote ya kazi. Ana picha makasha mawili, ana ramani, ana marafiki wa kuhojiwa. Nikakubali kabla hajamaliza. Nikaahidi pia wimbo maalumu, mahojiano, na picha kutoka angani. Sina chombo cha kuruka. Nina ngazi.

Meneja naye amepiga kuuliza jina la programu niliyotumia. Kwa adabu kabisa. Nikamwambia tatizo la watu wengi ni kutegemea programu, kumbe jambo lenyewe ni kipaji. Akashukuru. Maskini.

Mke wangu ameniambia jambo moja tu kabla hajatoka: Mkasi unatosha, niuzoee, na safari hii nikague sauti. Nikamwambia nimemsikia.

Lakini hebu tuwe wakweli. Mkasi ulifaa kwa mwanafunzi. Mimi leo ni mtu wa kazi kubwa. Mtu wa kazi kubwa hawezi kuonekana na mkasi wa kijivu. Nimetafuta kidogo tu nikapata programu mpya kabisa, bure milele, inahariri peke yake, inatunga muziki, inarudisha ujana kwenye nyuso. Watu wote walioisifu wameandika sifa zinazofanana neno kwa neno, ishara kwamba wamekubaliana. Nafasi haikutosha kwenye kompyuta, nikaufuta Mkasi. Haikutosha bado, nikafuta folda moja ya jiografia ambayo haina maana.

Kulikuwa na masharti marefu ya kusoma. Nimekubali yote kwa pamoja, kuokoa muda.

Kompyuta imezima yenyewe. Nadhani inajiandaa.